SOMO LA FIZIKIA: UPEPO NA MGONGO WA MWENYE KINGA



Tangu kipwa kianze kuko mabishano yasiyokwisha chini ya mwembe. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu anakuja masomoni kila siku kwa kinga. Akifika kwenye mteremko wa kuelekea reli anaacha kiti, anakaa juu ya chuma cha katikati, anaangusha kifua juu ya usukani, na pua yake inakaribia gurudumu la mbele. Wenzake wanapiga makelele. Yeye anajibu: «Njo vile Froome alifanyaka, na alishinda!» Mwingine anamrudishia: «Ule balimufungia balabala. Shiye huku tuko na makamyo.»

Waliniletea kesi hii nihukumu. Sikutaka kuhukumu bila kupima, kwa sababu mambo ya upepo yanadanganya macho.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa si kitu bure. Tunatembea ndani yake kama samaki ndani ya maji, lakini kwa kuwa hatuioni tunaisahau. Mwenye kinga lazima aisukume pembeni ili apite. Nyuma ya mgongo wake inabaki nafasi ambamo hewa inazunguka-zunguka, nayo inamvuta kurudi nyuma. Kusukuma kule mbele na kuvutwa kule nyuma, vyote pamoja, tunaviita ukinzani wa hewa. Kanuni yake iandikeni kwenye madaftari:

F = ½ × d × S × v × v

F ni nguvu ya upepo, kwa nyutoni. Herufi d ni uzito wa hewa katika metre moja ya mchemraba. Pwani ni kilo 1.2 na kitu. Hapa kwetu uwanda uko juu, Kolwezi inapita metre 1,400, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani karibu sehemu moja ya nane. Tuandike 1 ili hesabu isitusumbue. Herufi v ni mwendo wako ndani ya hewa, metre kwa segonde. S ni ukubwa wa mwili unaoonekana kwa mtu anayekutazama toka mbele, ukizidishwa na namba ya umbo lako, kama umbo linapasua hewa vizuri ao vibaya. Mtu aliyekaa wima juu ya kinga ya kawaida, tuchukue S ni 0.6. Akikunja viwiko na kulaza mgongo, tuchukue 0.4. Bingwa wa uwanjani anashuka hadi karibu 0.2.

Sasa mtu wima anayekwenda kilometa 18 kwa saa, maana yake metre 5 kwa segonde, anapata F ya nyutoni 7.5. Uwezo anaotoa ni F mara mwendo: wati 37.5. Ni kazi ndogo, anaweza kuimba njiani. Aende mara mbili ya pale, kilometa 36 kwa saa. Wengi darasani waliniambia itakuwa mara mbili, wati 75. Sivyo! Nguvu imekuwa nyutoni 30, mara nne. Na uwezo ni wati 300, mara nane. Hapo hakuna wimbo tena. Akiinama, S 0.4, anatoa wati 200 kwa mwendo ule ule. Wati 100 amezipata bure, bila kula chakula zaidi, bila kununua kinga mpya. Upepo haupigi kinga sana, unapiga mtu.

Ndiyo sababu mabingwa wa uwanjani wamehangaika na migongo yao kuliko na vyuma. Uwanja wa kinga unaitwa velodromu: ni mviringo wenye kona zilizoinuliwa, hakuna mlima, hakuna mashimo. Ndani yake, kwa mwendo wa mabingwa, karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zote zinaliwa na hewa. Tena kuko jaribio moja la zamani ambalo mtoto anaweza kulielewa: zunguka peke yako saa moja kamili, tuone umefika kilometa ngapi.

Mbelgiji Eddy Merckx alilifanya tarehe 25 Oktoba 1972 kule Mexico, mji ulio juu kupita metre 2,200, ambako hewa ni nyepesi. Alipata kilometa 49.431, mikono yake ikishika usukani uliopinda wa siku zote. Mwaka 1984 Mwitaliano Francesco Moser akaenda mji ule ule na magurudumu yaliyofunikwa kama sahani, akafika 51.151.

Halafu akaja mtu ninayempenda kuliko wote, Graeme Obree wa Scotland. Huyu hakuwa na mali. Alijitengenezea kinga mwenyewe, na beringi za kuzungusha pedali alizitoa katika mashine ya kufulia nguo! Lakini alikuwa amefikiri juu ya S. Alikunja mikono chini ya kifua, kama mtu anayesikia baridi, ili isikamate upepo. Tarehe 17 Julai 1993, mjini Hamar, Norway, alifika kilometa 51.596. Siku sita tu nyuma yake Mwingereza Chris Boardman akamshinda kule Bordeaux, 52.270. Mwaka 1994 Obree akarudi na 52.713. Wakuu wa mchezo, wale wa UCI, hawakupendezwa. Walikataza mkao wake mwaka ule ule, wakamtoa katika mashindano ya dunia. Akabuni mwingine: mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayeruka mtoni. Kwa mkao huo Boardman alifika 56.375 mwaka 1996. Nao ukakatazwa.

Utauliza, je, ni mkao ao ni miguu? Jibu alilitoa Boardman mwenyewe mwaka 2000. Alipanda kinga ya namna ya Merckx, usukani uliopinda, akapata kilometa 49.441. Metre 10 tu kupita Merckx! Mtu ni yule yule. Kweli miaka minne ilikuwa imepita na mwili wake ulikuwa umechoka kidogo, lakini kilometa karibu 7 haziendi kwa uchovu tu. Sehemu kubwa ilikuwa mkao na kinga.

Baadaye, tangu 2014, sheria zililegezwa kiasi, na tarehe 8 Oktoba 2022 Mwitaliano Filippo Ganna alifika 56.792 kule Grenchen, Uswisi. Fanyeni hesabu kwa kanuni yetu. Mwendo wake ni metre 15.8 kwa segonde. Kwa S ya 0.2 anahitaji wati karibu 400. Angekaa wima kama sisi tunapokwenda sokoni, angehitaji karibu 1,200, na hakuna mwanadamu wa kutoa wati 1,200 saa nzima.

Watu hawa wanajuaje kwamba kushusha kichwa kidogo kunasaidia? Wanakwenda katika nyumba ya upepo, ile Wafaransa wanaita soufflerie. Ni bomba kubwa, mtu anaingia na kinga yake. Upande mmoja kuko feni kubwa inayovuta hewa. Kinga imefungwa juu ya mzani, nao haupimi kilo bali nguvu inayosukuma nyuma. Mtu anapiga pedali lakini haendi popote. Ni hewa inayomwendea. Ukikaa na kusukumwa na hewa ya metre 15, ao ukienda metre 15 katika hewa iliyotulia, kwa hesabu ni sawasawa. Wanapitisha moshi mwembamba ili waone inapokatika nyuma ya mgongo. Mtu anasogeza kiwiko kidole kimoja, wanasoma mzani tena.

Jambo la kufurahisha: waliotengeneza ndege ya kwanza, Orville na Wilbur Wright wa Marekani, walikuwa mafundi wa kinga. Mwaka 1901 walifunga gurudumu la tatu, limelala, mbele ya usukani wa kinga, wakabandika juu yake vipande vya chuma vya maumbo mbalimbali. Kisha wakapiga pedali kwa nguvu ili wapate upepo wa kuvijaribu. Walipoona upepo wa njiani unachezacheza, wakatengeneza sanduku la mbao lenye urefu usiotimia metre 2, na feni ndani. Nyumba ya upepo yao ilianza njiani, kama yetu.

Sasa turudi kwenye kesi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alijifunza kinga huko Kenya pamoja na David Kinjah. Tarehe 9 Julai 2016, katika Tour de France, aliteremka mlima Peyresourde amekaa juu ya chuma, akafika Luchon segonde 13 mbele ya wengine. Ni kweli alishinda. Lakini wataalamu wa Eindhoven, Uholanzi, wakiongozwa na Bert Blocken, walipima mkao ule pamoja na mikao mingine ya kuteremka. Waliona si wa kwanza kwa mwendo. Mingine iliupita, na tena ilikuwa na hatari kidogo, kwa kuwa uzito haukuangukia wote gurudumu la mbele. Froome alishinda zaidi kwa sababu aliwatoroka wenzake pale juu mlimani wakiwa hawamtazamii, na hakuacha kupiga pedali. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 UCI imekataza kukaa juu ya chuma.

Na kuko habari nyingine, ambayo kijana wetu hakuitaja. Tarehe 12 Juni 2019, karibu na Roanne, Ufaransa, Froome alikuwa anazoea njia ya mashindano. Aliinua mkono mmoja afute pua. Upepo wa ghafula ukashika gurudumu la mbele, akagonga ukuta, akavunjika mfupa wa paja na mifupa mingine. Huyo ni bingwa wa Tour mara nne. Mkono wako ukiwa mbali na breki na uzito wote uko mbele, huna njia ya kusahihisha kosa la segonde moja. Hukumu yangu basi: mwenye kukaa juu ya chuma amekosa mara mbili, kwa fizikia na kwa mifupa yake.

Dada mmoja wa mwaka wa nne aliuliza swali bora kuliko kesi yenyewe. «Mwalimu, mbona mu kipwa kwenda Fungurume kunachokesha kuliko kurudia Tenke, na balabala ni ile ile?» Ni kwa kuwa upepo wa kipwa mara nyingi unatoka kusini-mashariki, na unaupokea usoni. Tuseme unakwenda metre 5 kwa segonde, na upepo unakuja metre 5. Katika kanuni v ni 10. Nguvu ni nyutoni 30, na wewe unasogea 5 tu: wati 150, mara nne ya siku isiyo na upepo. Ukiinama ni wati 100. Kwa hiyo mwenye kinga wa polepole naye anafaidika na mgongo wake, siku ya upepo.

Lakini wasukuma makala wasidanganyike. Kinga, mtu na magunia vikiwa kilo 160, juu ya mlima unaopanda metre 5 kila metre 100, mlima unawarudisha kwa nyutoni karibu 80. Upepo, kwa mwendo wa miguu, ni nyutoni 1 tu. Wao adui wao ni uzito, na pineu isiyo na pumzi.

Jumamosi iliyopita tulifanya nyumba yetu ya upepo, mbali na makamyo, kwenye mteremko mdogo wenye tambarare mbele. Mwanafunzi yule yule, kinga ile ile, alianza kwenye mstari mmoja bila kupiga pedali, na tuliweka jiwe pale aliposimama. Mara tatu wima, mara tatu ameinama huku mikono iko kwenye breki. Mawe matatu ya kuinama yote yalikuwa mbele ya yale ya wima. Kisha mtu akasema ajaribu kuinama na shati wazi. Jiwe likarudi nyuma, karibu na yale ya wima! Hilo sikulitazamia.

Maswali ya nyumbani. Moja: ukiwa na S 0.4, tafuta wati kwa mwendo wa metre 8 kwa segonde bila upepo. Mbili: kwa nini tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa nane mchana? Tatu: mtoto mwepesi na mtu mzito, mkao mmoja, kinga moja, nani ataweka jiwe mbele, na kwa nini?

Jaribio la pili ni Jumamosi ijayo, saa ile ile. Tutapima mfuko wa madaftari, mgongoni na kwenye kikalio cha nyuma. Mwenye saa inayoonyesha segonde aje nayo, na mwenye kinga ajaze pumzi kabla ya kutoka nyumbani.