Baba ana bati, kwa hiyo anunue dawa?

*Shangazi,*

*Baba yangu ana miaka 71. Alikuwa seremala, lakini sasa mikono inatetemeka na randa hashiki tena. Anaishi na mama kijijini, mkoani Morogoro, katika nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati. Chumba kimoja amempangisha mwalimu kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Baba ana presha, mama ana sukari.*

*Mwaka jana wazee walipoandikishwa ili wapewe vitambulisho vya msamaha wa matibabu, jina la baba lilikatwa. Aliambiwa: una nyumba, una mpangaji, una binti Dar es Salaam. Binti huyo ni mimi. Nashona nguo kwenye fremu ya kupanga. Kila mwezi namtumia 40,000, mwezi ukiwa mbaya 20,000.*

*Sasa wanaandikisha tena. Jirani amemshauri baba aseme kwamba simtumii kitu. Baba amekataa, amesema hawezi kumkana mwanawe kwa ajili ya vidonge. Kaka yangu, ambaye ameajiriwa Dodoma, anasema ofisi ilifanya sawa: dawa za bure waachiwe wasio na kitu kabisa, sisi tumlipie mzee wetu. Mimi naona mzee ni mzee. Nani yuko sahihi? Na baba akiitwa, aseme nini?*

*Binti wa Seremala, Dar es Salaam*

Mwanangu,

Maneno ya baba yako nimeyasoma mara tatu. Mzee wa miaka 71, mwenye maradhi, amewekewa mbele yake vidonge na mtoto, achague kimoja, naye amechagua mtoto. Basi mwambie asiseme uongo. Kijijini kwenu wakala anayempa baba pesa unazotuma anajulikana na kila mtu, na anayeandika majina huenda ni jirani wa wakala huyo. Uongo ukigundulika, jina litakatwa tena, na safari hii mkataji atakuwa na haki. Mambo ya kusema yapo, tena ya kweli, na nitayafikia. Kwanza nikujibu wewe na kaka yako.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa umri huo wasio na uwezo. Shida yote ya baba yako imo katika maneno hayo matatu, "wasio na uwezo".

Nenda siku moja kwenye zahanati, ukae kwenye benchi, utazame wanaoingia. Anaingia mjamzito. Kwa mujibu wa sera hahitaji kulipa, na hakuna anayemuuliza mumewe anafanya kazi gani. Anaingia mama na mtoto wa miaka mitatu, naye vivyo hivyo, kwa sababu watoto walio chini ya miaka mitano wamesamehewa wote, wa tajiri na wa maskini. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa zake bure. Anayetumia ARV anapewa bure, hata kama amekuja na gari lake. Kisha anaingia baba yako, na ghafla watu wanataka kujua nyumba yake imeezekwa kwa nini.

Kwa hao wengine nchi iliona kwamba hali yenyewe inatosha. Mimba inatosha. Utoto unatosha. Mimi nasema uzee nao unatosha. Mwili wa miaka 71 hauna namna ya kujipatia pesa ya dawa kama mwili wa miaka 30. Seremala akipatwa na presha akiwa kijana atatengeneza kitanda kimoja zaidi mwezi huo. Baba yako atatengeneza nini na mikono inayotetemeka?

Kaka yako anaweza kunijibu kwamba pesa za serikali zina mwisho. Ni kweli, na hoja yake naiheshimu. Nitampa hata mfano wa kumsaidia. Mwaka 2001 Ireland iliamua kwamba kila mtu aliyefikisha miaka 70 apewe kadi ya matibabu, awe nacho asiwe nacho. Wazee wakazidi idadi iliyokadiriwa. Juu ya hayo, madaktari wakakubaliana na serikali walipwe zaidi kwa wazee hawa wapya, waliokuwa na uwezo, kuliko walivyolipwa kwa maskini. Gharama ikapanda. Oktoba 2008, uchumi ulipoyumba, serikali ikatangaza kuwa kadi haitatolewa tena kwa umri peke yake, mzee atapimwa kipato. Tarehe 22 ya mwezi huohuo wazee wapatao 15,000 walikusanyika nje ya bunge mjini Dublin, wengine wakiwa na magongo, kudai kadi yao. Serikali ikarudi nyuma, ikapandisha kiwango cha kipato hadi euro 700 kwa wiki kwa mzee anayeishi peke yake, kiasi kwamba wengi sana walibaki na kadi zao.

Ninavyoelewa mimi, kosa la Ireland lilikuwa kutohesabu wazee vizuri na kukubali bei mbaya mezani na madaktari. Hayo ni makosa ya mahesabu na ya mkataba, na mzee hahusiki nayo. Yanarekebishika bila kumtuma kikongwe akathibitishe ufukara wake.

Halafu kuna jambo ambalo kaka yako, akiwa Dodoma na mshahara wake, hawezi kuliona. Mimi mwenyewe sikuliona mpaka likanifika.

Marehemu mama yangu alikuwa na presha kama baba yako. Nilimtumia pesa ya dawa kila mwezi, wala sikukosa. Kwa kipimo chochote cha ofisi, mama alikuwa na uwezo. Siku moja nilikwenda kumtembelea bila kumwarifu, nikafungua kopo la majani ya chai alimowekea vidonge vyake, nikakuta vyote vimekatwa nusu kwa kisu. Nikamuuliza. Akasema nusu inamtosha, siku hizi anajisikia vizuri. Baadaye mdogo wangu ndiye aliyenieleza: mjukuu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule, kisha kuku wakaugua, kisha kukatokea msiba wa jirani. Pesa ya dawa ilikuwa inafika. Ilikuwa haifiki kwenye dawa.

Tangu siku hiyo siamini tena kipimo kinachotazama nyumba. Mwanya kati ya pesa ya kaya na kidonge cha mzee ni mkubwa, na mzee ndiye wa kwanza kujipunguzia. Mama wa Kiswahili hawezi kumeza kidonge cha shilingi mia kadhaa huku mjukuu analia njaa. Dawa ikitoka dirishani tayari ni dawa, haigeuki kuwa daftari wala unga. Kwa sababu hiyo mimi nasimama upande wako: wazee wote wapewe, bila kuulizwa kipato.

Kaka yako atauliza: na wazee matajiri? Kwa sensa ya 2022, wenye miaka 60 na zaidi hawafiki asilimia 6 ya Watanzania. Matajiri miongoni mwao ni wachache, na hao hawapangi foleni kwenye zahanati ya kijiji. Wana bima zao na hospitali zao. Akitokea mmoja akachukua amlodipini, dawa ya presha, ya mwezi mzima bure, sioni hasara kubwa, maana mahali pa kumkamata tajiri ni kwenye kodi. Ili kumzuia huyo mmoja, tunaandikisha na kuchuja kijiji kizima, tunalipa watu wa kuchuja, na katika chujio hilo anaangukia fundi aliyeezeka nyumba yake akiwa bado na nguvu. Kuezeka bati kumegeuka kosa.

Ndugu zetu wa Zanzibar wametuonyesha kuwa njia nyingine ipo. Aprili 2016 walianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Walitazama umri na ukaazi. Bati hawakulitazama, wala watoto walioko mjini.

Na baba yako amelipa. Matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure hadi uchangiaji ulipoanza kuingizwa mwaka 1993, na wakati huo alikuwa kijana, haumwi, anafanya kazi. Kila msumari alionunua, kila kopo la vanishi, kila msumeno, ulikuwa na kodi ndani yake. Hakuna aliyemwandikia stakabadhi ya miaka hiyo yote, ndiyo maana leo anaonekana kama mtu anayeomba.

Kuna neno moja gumu kwenu nyote wawili. Kitambulisho si dawa. Ninazo barua za wazee wenye vitambulisho vyao safi, waliofika dirishani wakaambiwa, "Dawa hii imeisha, kanunue nje." Mzee anarudi nyumbani na karatasi. Kama tungekuwa na serikali mbele yetu leo na nafasi ya kuomba jambo moja, nisingeanza na vitambulisho. Ningeomba orodha fupi ya dawa za presha na sukari ambazo haziruhusiwi kukosekana katika zahanati yoyote, kuanzia Bohari ya Dawa hadi kwenye rafu ya kijiji. Amlodipini na metformini ni dawa za zamani, viwanda vingi duniani vinazitengeneza, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za maradhi ya kudumu. Mzee aliyekosa dawa ya presha akianguka kwa kiharusi, utafunga fremu yako, utarudi kijijini kumgeuza kitandani, na gharama hiyo haiandikwi kwenye bajeti yoyote.

Sasa baba aseme nini. Aseme kila kitu kama kilivyo, ila kwa hesabu. Mkae naye mwandike kwenye karatasi moja: kodi ya chumba 25,000, pesa yako 40,000 au 20,000, kisha chini yake dawa zake kwa mwezi, dawa za mama, nauli ya kwenda kliniki, chakula. Anayeandikisha aone kinachobaki. "Ana binti Dar es Salaam" ni maneno tu mpaka yawekwe pamoja na bei ya vidonge. Karatasi hiyo aende nayo kwa mtendaji wa kijiji, na jina likikatwa tena aulize limekatwa kwa kigezo gani, kisha aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama kata yenu ina baraza la wazee, awaeleze wenzake. Mzee mmoja akilalamika anaonekana msumbufu. Wakiwa kumi na wawili wenye nyumba za bati, itabidi wasikilizwe.

Mama yako msimchanganye na baba. Sera ya mwaka 2007 haikutaja umri pekee, imewataja pia wenye maradhi ya kudumu, na sukari ni mojawapo. Aende na kadi yake ya kliniki amwone mganga mfawidhi, aulize msamaha kwa mlango wa ugonjwa, hata kama mlango wa uzee umefungwa.

Wakati mnasubiri, msisubiri bila dawa. Mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, ili famasi iwape ya bei nafuu. Ulizeni kituoni kama mfuko wa afya ya jamii ungali unapokea wanachama, maana kaya yenye wagonjwa wawili wa kudumu ndiyo inayofaidika zaidi nao. Na wewe usitume tena pesa ya dawa ikiwa imechanganyika na pesa ya matumizi. Nunua vidonge vya mwezi mzima, kwa cheti cha daktari, uvifunge, umpe kondakta unayemwamini au mtu anayekwenda. Tena jambo hili haliishii kwenye vitambulisho: Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo inataka wasio na uwezo wagharimiwe. Unayaona maneno yaleyale yamerudi. Jina la mtu kama baba yako litakatwa tena huko tusiposema sasa, na kaka yako aliyeko Dodoma yuko karibu na Bunge kuliko sisi. Mwombe amwandikie mbunge wenu, hata kama bado hakubaliani na mimi, aeleze tu yaliyompata mzee.

Ukienda nyumbani, usitangulize habari ya kitambulisho. Msalimie, kaa, kisha mwombe akuonyeshe anapoweka dawa zake. Tazama tarehe ya cheti, hesabu vilivyobaki, angalia kama ni vizima. Niandikie ulichokikuta.