Somo la Mwezi Huu: Ujira na Siku Yake



Tukizungumza habari za kipato, mara nyingi huuliza swali moja tu: fulani hupata kiasi gani? Katika somo hili twapenda kuongeza swali la pili, nalo ni hili: hupata lini? Watu wawili waweza kupata fedha sawa kwa mwaka, na mmoja akaishi kwa utulivu na mwingine kwa mashaka, kwa sababu ya siku za kulipwa tu. Na kwa kuwa wengi wetu tunalipwa na pia tunalipa, somo linatuhusu pande zote mbili.

1. MANENO YENYEWE

Tuanze na lugha. Neno "mshahara" asili yake ni Kiarabu, nalo limetokana na neno lenye maana ya mwezi. Basi mshahara, kwa maana yake ya kwanza, ni malipo ya mwezi. "Kibarua" ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Baadaye jina la cheti likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. "Posho" ni chakula cha mfanyakazi, au fedha ya kununulia chakula hicho. Maneno haya hayatuambii kiasi cha fedha. Yanatuambia malipo hutolewa kwa mpango gani.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walijua pia "kipande". Hii ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mtu hakulipwa mwezi ulipoandama, bali kadi ilipojaa. Akiugua au akikosa kazi, siku ile haikuandikwa, na "mwezi" wake ukazidi kurefuka.

Hapa Dar es Salaam, makuli wa bandari waligoma Septemba 1947, na mgomo ukaenea hata miji mingine ya nchi. Walidai nyongeza, kwa maana bei za vitu zilikuwa zimepanda sana baada ya vita. Lakini tukumbuke pia namna ya kazi yao: wengi walikuwa vibarua wa siku. Meli ikiwapo, kazi ipo; meli isipokuwapo, mtu hurudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wanangoja chakula vilevile.

2. WATU WA MTAANI KWETU

Ukitoka bustani ya Mnazi Mmoja, ukavuka barabara ya Lumumba na kuingia Kariakoo, katika mwendo wa dakika kumi utakutana na karibu kila aina ya malipo. Na tuwatazame baadhi ya watu hawa.

(a) Mwenye mshahara. Huyu ni karani, muuguzi, mwalimu, mtu wa benki. Anajua tarehe, anajua na kiasi. Shida yake ni kwamba fedha huja mara moja na matumizi huja kila siku. Zamani za Waingereza, Mwafrika aliyeishiwa katikati ya mwezi alipeleka nguo yake kwenye duka la rehani, akaikomboa mshahara ulipotoka. Siku hizi kuna daftari la mkopo dukani na mikopo ya simu. Kadhalika kuna kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mara moja, na mpangaji analipwa kwa mwezi. Hata mwenye mshahara mzuri hupata taabu hapo.

(b) Mchukuzi wa mizigo na msukuma mkokoteni. Hawa hulipwa kwa mzigo. Sikukuu zikikaribia hufanya kazi tangu alfajiri hata usiku. Mvua kubwa ikinyesha, au soko likipoa, hupata chai tu. Watu husema hawa hawajui kuweka akiba. Lakini mtazame mtu asiyejua kesho atapata nini: leo hii analisha nyumba, analipa chumba na kumtumia mama yake fedha kijijini. Huyo hufanya hesabu kila jioni, na sisi wa mshahara twafanya mara moja kwa mwezi.

(c) Dereva na konda wa daladala. Malipo yao yamegeuzwa juu chini. Tajiri wa gari hupata kwanza fedha iliyopatanwa, ambayo wenyewe huiita "hesabu". Kisha mafuta yalipwe. Kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Foleni ikiwa ndefu, hesabu ya tajiri haipungui. Hupungua sehemu yao wao. Ndiyo maana huona abiria mmoja kituoni wakakimbilia. Chini yao yuko "deiwaka", anayeshika gari kwa saa chache mwenyewe akipumzika. Wengi wa vijana wa bodaboda wamo katika mpango huohuo.

(d) Fundi cherehani. Huyu hulipwa kwa nguo, na mara nyingi hupokea fedha nusu kabla ya kushona. Hatari yake ni kula fedha ya nguo ambayo bado haijakatwa. Wateja wakija siku moja wote, anakuwa amelipwa tayari na kazi ingali mbele yake.

(e) Mama lishe na mfanyabiashara mdogo. Huyu kila siku anashika fedha nyingi kuliko karani, lakini fedha hizo si zake zote. Tuchukue mfano kwa hesabu. Tuseme mama lishe ameuza sahani 60 kwa shilingi 2,000, akapata shilingi 120,000. Mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji, ushuru na msaidizi vimechukua shilingi 95,000. Ujira wake ni shilingi 25,000 tu. Siku hiyo akitumia shilingi 30,000 nyumbani, amekula shilingi 5,000 za mtaji. Akifanya hivyo siku kumi, shilingi 50,000 zimetoka katika sufuria, na siku ya kumi na moja atapika chakula kidogo zaidi. Biashara nyingi hufa hivi, polepole, na mwenyewe hujiona alikuwa akipata faida mpaka mwisho.

3. NAMNA WATU WANAVYOPANGA

Hekima nyingi ya fedha hapa mjini ni hekima ya kubadili majira ya fedha: kuzifanya ndogo za kila siku ziwe kubwa siku moja, au kubwa ya siku moja itoshe siku nyingi.

Upatu, au mchezo, ndio mfano ulio bora. Watu 10 wakitoa shilingi 10,000 kila juma, kila juma mmoja hupokea shilingi 100,000. Baada ya majuma 10 kila mtu ametoa 100,000 na kupokea 100,000. Mgeni atauliza, faida iko wapi? Faida ni kwamba aliyetangulia kupokea amekopeshwa bila riba, na aliye wa mwisho amewekewa akiba ambayo asingeweza kujiwekea mwenyewe. Laki moja kwa mkupuo hununua cherehani iliyotumika au hulipa sare na madaftari. Shilingi elfu kumi kumi huyeyuka. Mchezo husimama juu ya uaminifu wa kijumbe na wa wale waliopokea mwanzo. Kwa hiyo ni vyema usiwe na watu wengi mno, na wajuane.

Vikoba navyo vinaongeza jambo moja: fedha za wanachama hukopeshwa kwa wanachama, na mwisho wa mwaka hugawanywa pamoja na faida. Tena tangu 2008 huduma za kutuma fedha kwa simu zimemwezesha hata mchukuzi kuweka shilingi elfu moja bila kwenda benki. Ubaya wake ni kwamba fedha iliyo mfukoni, hata ikiwa ndani ya simu, ni rahisi kuitoa.

Lililo baya zaidi ni mkopo ambao watu wameupa jina la "kausha damu". Ubaya wake si riba tu. Mkopo huu hudai kila siku au kila juma kwa mtu ambaye hapati kila siku. Kabla hujakopa, linganisha siku za kulipa na siku zako za kupata. Zisipolingana, usitie sahihi.

Kwa ufupi twashauri hivi. Mwenye mshahara na aweke kando kodi, ada na chakula siku ileile ya malipo, kabla ya jambo lingine. Mwenye kulipwa kwa siku na aingie mchezo wa siku au wa juma, asingoje mwisho wa mwezi, kwa maana yeye hana mwisho wa mwezi. Mfanyabiashara na awe na mifuko miwili, mmoja wa mtaji na mmoja wa nyumba, na ajilipe kiasi kilichopangwa. Na anayestaafu akumbuke kuwa fedha ya mkupuo ndiyo malipo magumu kuliko yote kuyatunza, kwa sababu maisha yake yote alizoea mwezi. Asianze mradi asioujua ndani ya miezi sita ya kwanza.

4. SISI TULIPAO

Sasa tumefika mahali ambapo mashauri ya akiba hayatoshi. Mtu hawezi kupanga fedha ambayo haijui siku yake.

Katika nyumba nyingi za waumini yumo msichana wa kazi, au yupo dada ajaye asubuhi na kuondoka jioni. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini kwa mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo shilingi 120,000. Katika biashara na viwanda kilikuwa 150,000, na katika mabenki 592,000. Amri mpya ikatangazwa 2025, ianze Januari 2026, na viwango vikapanda. Kila mwenye mtumishi na avitafute viwango hivyo na kuvifuata.

Lakini hebu tugawe ile 60,000 kwa siku 30: ni shilingi 2,000 kwa siku, sawa na sahani moja ya mama lishe katika mfano wetu. Hicho ndicho kiasi ambacho katika nyumba nyingine hucheleweshwa. Twasikia maneno haya: "Ngoja mwezi ujao, nitakupa miwili pamoja." "Ninakuwekea, utachukua ukienda likizo." "Umevunja vikombe vitatu." Au mshahara hupelekwa kwa shangazi aliyemleta mjini, na mwenye jasho hauoni. Fedha ya msichana huyu mara nyingi ina watu wanaoingoja: mama aliye mgonjwa, mdogo wake aliyeko shule. Tukichelewa sisi, daftari la deni hufunguliwa katika kijiji tusichokijua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu yeye pia. Malipo yawe ya fedha, na yatolewe siku iliyokubaliwa. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Na kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara apendavyo.

Maandiko yalitangulia sheria hii. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, twaamriwa tumlipe maskini ujira wake siku ileile kabla jua halijatua, na sababu imetajwa: ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo. Yakobo, katika sura ya 5, asema ujira uliozuiliwa hupiga kelele. Na katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, tuangalie mambo mawili ambayo wahubiri huyapita upesi. Kwanza, watu waliokutwa wamesimama sokoni hata jioni hawakuwa wavivu. Walisema hakuna aliyewaajiri. Pili, ilipokuwa jioni, mwenye shamba aliagiza watu walipwe. Hakuwaambia waje kesho.

Haya yanatupasa si majumbani tu. Kanisa nalo lina mlinzi, mfagizi, na mafundi wa ukarabati. Baraza la parishi lipange malipo ya hawa yatoke kwanza, kabla ya viti na maturubai ya sikukuu.

5. YA KUFANYA

Kila nyumba yenye mtumishi ifanye mambo manne mwezi huu: kupatana naye mshahara waziwazi, kwa kiwango kisichopungua cha amri, kuandika kiasi na tarehe katika daftari analoweza kuliona, kumlipa yeye mwenyewe, mkononi au kwa simu yake, na kumsaidia kuweka akiba kwa jina lake, si kwa jina letu. Aliye na malimbikizo na ayalipe kabla ya kutoa ahadi nyingine yoyote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba yako fedha huingia siku gani, na deni hudai siku gani? Siku hizo zinalingana?

2. Mfanyabiashara atajuaje kwamba anakula mtaji?

3. Kwa nini mwenye shamba la mizabibu hakungoja kesho yake kulipa?

4. Ni nani anayetudai ujira leo: msichana wa kazi, fundi, dobi, mchukuzi? Tutamlipa lini?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno. Kila mtu aende nalo nyumbani, akalitimize kabla ya kukutana tena.