Hutuba ya Mfalme na Kalamu za Waandishi

Darsa yetu ya mara hii ni juu ya khabari: namna zinavyopokewa, namna zinavyokatwa, na namna Muislamu anavyopaswa kuzipima kabla ya kuzipitisha kwa mwenziwe. Tumechukua mfano ulio karibu nasi, nao ni hutuba aliyoitoa Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza katika karamu ya Ikulu ya Nairobi, usiku wa Jumanne tarehe 31 Oktoba 2023, na yale yaliyoandikwa juu yake.

Akiuliza muulizaji, hutuba ya mfalme wa Kiingereza yatuhusu nini sisi wanafunzi wa dini? Jawabu: yatuhusu kwa kuwa dhulma iliyotajwa ndani yake ilitendwa katika nchi yetu, na watu wa Pwani wana fungu lao. Tena yatuhusu kwa kuwa Suratul Hujurat imetuamuru kuichunguza khabari kabla ya kuifanyia kazi, na amri hiyo haikubagua khabari ya sokoni na khabari ya gazetini.

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 11 Oktoba jumba la mfalme lilitangaza safari, likasema kwamba Mfalme atayatambua yale yaliyokuwa machungu katika historia ya nchi mbili hizi, pamoja na yale ya wakati wa Hali ya Hatari, 1952 mpaka 1960. Tangu siku hiyo waandishi wakakaa wakilingojea neno moja tu: je, ataomba msamaha? Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikataka radhi ya wazi, si maneno ya tahadhari. Usiku wa karamu ulipofika, Mfalme alisema kwamba makosa ya zamani yanamtia huzuni kubwa na majuto makubwa; kwamba Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza usio na haki yoyote walipokuwa wakipigania uhuru wao; na kwamba ukatili huo hauna udhuru. Rais Ruto naye akausifu ujasiri wa mgeni wake wa kuukabili ukweli usiopendeza, kisha akaongeza kwamba kazi iliyobaki ili fidia itimie ni nyingi. Msamaha haukuombwa.

Kesho yake karibu kila gazeti, la Nairobi na la London, likaishika khabari kwa kipande hicho: hakuomba msamaha. Hilo si uongo. Lakini wanafunzi wa hadithi wanajua kwamba kuna tafauti ya kusema uongo na kukata matini. Maulamaa wetu waliruhusu kuifupisha hadithi kwa sharti kwamba mwenye kuifupisha aijue maana yake, na kile anachokiacha kisiwe ndicho kinachoigeuza hukumu ya kile anachokieleza. Gazeti halina nafasi ya hutuba nzima, lazima likate. Suala ni je, anayekata ajua anachokikata? Matokeo yake tuliyasikia barazani: mmoja akisema Mfalme ameomba radhi, mwengine akisema Mfalme amekataa kata kata kuomba radhi, na wote wawili wakiapa kwamba wamesoma. Hakuomba, wala hakukataa. Alipita kati.

Na hapo pa kati ndipo palipowapoteza wengi, kwa sababu ya tarjuma. Sisi katika Kiswahili tukisema fulani ana majuto, twamaanisha mtu aliyetenda kosa na sasa moyo wake unamuuma kwa alilolitenda. Ni ile nadama ya wanavyuoni, mlango wa toba. Neno la Kiingereza alilolitumia Mfalme lina upana kuliko hivyo. Mwingereza hulitumia kwa kosa lake mwenyewe, na hulitumia pia kwa jambo asilohusika nalo kabisa. Shirika la ndege huliandika neno hilo hilo safari inapochelewa kwa mvua. Kwa hivyo mwandishi wa Kiswahili aliyeandika "majuto" hakukosea kamusi, lakini amempa msomaji wake zaidi ya alichopewa na msemaji, na yule aliyeandika kwamba hakuna alichosema amempunja. Ningependa magazeti yetu ya Kiswahili yawe na watu wa kuyapima maneno haya usiku ule ule, kabla mtambo wa chapa haujaanza kwenda.

Jambo la pili ni nani aliyesema. Katika kawaida ya Waingereza, mfalme katika mambo ya dola hasemi kwa rai yake. Husema kwa ushauri wa mawaziri. Aliyesimama Ikulu ni Charles, aliyeyapima maneno kwa mizani ni serikali ya London. Kwa hivyo wale waliomsifu kwa ujasiri wake na wale waliomlaumu kwa kiburi chake walikuwa wakimshughulikia mpokezi wa khabari na kumwacha mwenye khabari. Katika isnadi hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Na serikali ile haikuanza kuchunga ulimi mwaka 2023. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, William Hague, alisimama katika Bunge lao akasema kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa na watawala wa kikoloni, na kwamba inasikitika kwa dhati. Akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa ndani yake, kwa watu 5,228 waliodai. Na katika kauli hiyo hiyo akakanusha kwamba serikali ya leo ina dhima kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Msomaji aliyeikumbuka hutuba ya 2013 hakushangazwa na ile ya 2023. Yote mawili yametoka kalamu moja. Katika khabari nyingi nilizozisoma, jambo hili lilitupwa mkiani, pale msomaji anapokwisha choka.

Sasa tazama ajabu ya kalenda. Siku moja tu baada ya karamu ya Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, Tanzania, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Maji Maji mwaka 1906, Chifu Songea Mbano miongoni mwao. Yeye akaomba msamaha kwa neno lenyewe, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha chifu huyo kinachodhaniwa kuchukuliwa Ujerumani. Waliokufa katika vita vile vya 1905 mpaka 1907 na njaa yake wanakisiwa kuwa kati ya laki mbili na laki tatu. Magazeti ya nje yakaziweka hutuba mbili ubavu kwa ubavu, na hukumu ikawa nyepesi: Mjerumani amefanya vyema, Mwingereza amefanya ubakhili. Lakini katika hutuba ya Songea hamkuwa na malipo. Mwingereza alitoa mali akabana neno. Mjerumani akatoa neno akabana mali. Sijui kwa nini mizani ya waandishi ilipima kimoja tu.

Turudi katika fiqhi. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amezitaja sharti za toba: kuliacha dhambi, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na likiwa limehusu haki ya binadamu, ipo ya nne, kumrudishia mwenye haki haki yake au kutaka halali yake. Akisema msemaji: Charles alizaliwa mwaka 1948, na Hali ya Hatari ilipotangazwa alikuwa hajatimiza miaka minne, basi atatubu nini? Amesema kweli. Katika dini yetu hapana mtu anayebeba dhambi ya mwengine, na mtoto hatubii kosa la babake. Lakini mali ya ghasbu haiwi halali kwa kurithiwa. Aliyerithi shamba lililonyang'anywa, naye akajua, haambiwi alie, huambiwa arudishe. Ukiutazama ugomvi wote ule kwa jicho hili, utaona kwamba magazeti ya nchi mbili yalishindana juu ya jambo ambalo mrithi hadaiwi, yakapita haraka juu ya lile analodaiwa.

Huku Naitiri ninakosomesha, jambo hili si la vitabuni. Ardhi ya huku ilikuwa mashamba ya masetla, na Wabukusu wanaihesabu kuwa ya wazee wao. Ulipokaribia uhuru na baada yake, mashamba hayo yalikatwa vipande yakagawiwa wananchi kwa mkopo. Setla alilipwa thamani yake akaenda zake. Mwananchi akabaki akilipa deni la ardhi aliyonyang'anywa babu yake. Hapo Malakisi, mwezi wa Februari 1948, askari waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, na kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa watu kumi na mmoja. Kiongozi wao Elijah Masinde akakamatwa, akahamishiwa Lamu, na wazee wa Lamu huenda bado wanamkumbuka. Hatukubaliani na itikadi ya dini ile. Lakini damu ni damu. Malakisi ilikuwa kabla ya 1952, kwa hivyo haimo katika Hali ya Hatari, wala haikumo katika malipo ya 2013.

Kadhalika nyinyi wa Pwani. Vita vya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui vya 1895 na 1896 havimo. Vita vya Wagiriama vya 1914, vijiji vilivyochomwa na mbuzi waliotozwa, havimo. Mfalme alipokuwa Mombasa tarehe 3 Novemba, alizuru Msikiti wa Mandhry na Ngome ya Yesu, na picha zikajaa magazetini. Kuzuru msikiti ni adabu njema kwa mgeni, wala hatumlaumu aliyempokea. Lakini katika khabari za siku ile nilitafuta mwandishi mmoja aliyeuliza, hapo hapo penye picha, juu ya Mweli au juu ya Wagiriama, nisimwone.

Darsa ijayo, inshallah, tutaisoma hutuba ya Songea neno kwa neno, na kando yake kauli ya Hague ya 2013. Mwenye kujua Kijerumani aje atusaidie tarjuma. Na ndugu walioko Lamu, Malindi na Mombasa, wenye mzee aliyesimuliwa na wazee wake khabari za 1895 au 1914, watuandikie: jina la mahali, jina la msimulizi na aliyemsimulia, na kilichochukuliwa.