Bidhaa yako inaogopa nini? Mbinu za kufungasha kwa karatasi

Tangu Juni 1, 2019, mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa umepigwa marufuku Tanzania Bara. Kenya ilitangulia Agosti 2017, na Rwanda mwaka 2008. Hata hivyo, pakiti nyingi za karanga, sabuni na viungo zilizoko dukani bado ni za plastiki. Mjasiriamali anayetaka kuachana nazo hukimbilia bahasha za kaki. Muda si mrefu karanga zimelegea, bahasha imejaa madoa ya mafuta, na mteja harudi. Lawama huangukia karatasi, ilhali aliyekosea ni aliyeichagua bila kuijua bidhaa yake.

1. Mjue adui wa bidhaa
Unga na nafaka kavu hazina shida: pakiti za unga za kilo 2 zimekuwa za karatasi kwa miaka mingi. Sabuni ya kutengeneza kwa mikono ndiyo inayoipenda karatasi zaidi, kwa sababu huendelea kupoteza maji hata baada ya kukatwa vipande. Ukiifunga kwenye nailoni hutoka jasho. Kwenye karatasi hupumua. Karanga za kukaanga, chipsi za ndizi na kahawa iliyosagwa ni habari nyingine. Hizo huogopa unyevu na hewa, kwa hiyo karatasi tupu haizifai. Tumia kopo au chupa ya kioo, na karatasi ibaki kuwa lebo na boksi la nje.

2. Nunua kwa gramu
Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Ile ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80. Boksi dogo la sabuni huhitaji kadibodi ya gramu 250 hadi 350. Mzigo ukiwa mzito, ongeza tabaka badala ya kutafuta karatasi moja nene. Mfuko wa saruji wa karatasi hubeba kilo 50 kwa sababu una tabaka kadhaa za kaki.

3. Jaribu kabla ya kuagiza
Omba sampuli chache kwa muuzaji. Weka kashata au visheti juu ya karatasi, uache mpaka kesho yake, kisha uinue karatasi kwenye mwanga. Palipopenya mafuta patang'aa. Ukiona hivyo, tafuta karatasi isiyopitisha mafuta. Halafu funga pakiti kamili, uiangushe kutoka usawa wa kiuno, kona ikitangulia. Mwisho, iache jikoni kwa wiki nzima, ufungue na kuonja. Aliye Tanga, Mombasa au Unguja afanye jaribio hili wakati wa masika, maana hewa ya pwani hulegeza karatasi upesi.

4. Gundi na maandishi
Kwa bahasha za vitu vikavu, gundi ya unga wa muhogo inatosha. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, kisha upike huku ukikoroga mpaka uive na kuwa laini. Ipake nyembamba na ukaushe vizuri, kwa kuwa ikibaki mbichi huota ukungu na kuita mende. Badala ya stika ya plastiki, chonga muhuri wa mpira wenye jina la bidhaa. Usifungie chakula kwenye gazeti. Wino wake haukutengenezwa kwa ajili ya kugusa maandazi.

5. Kagua kilichofichwa
Si kila kinachoonekana karatasi ni karatasi. Vikombe vingi vya karatasi vya chai na maboksi mengi yanayong'aa yana utando mwembamba wa plastiki. Chana ukingo polepole: ukiona ngozi inayovutika, umenunua plastiki iliyovaa karatasi, na haiwezi kurejelezwa pamoja na karatasi za kawaida.

6. Piga hesabu, kisha anza na moja
Jumlisha bei ya karatasi, gundi, wino na muda wa kukunja. Pima pia bidhaa inavyokaa ndani, kwani pakiti iliyo kubwa kuliko bidhaa ni hela inayotupwa. Hifadhi karatasi juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu.

Usibadilishe bidhaa zote kwa mpigo. Chagua moja iliyo kavu, ifungashe, usikilize wateja wanasemaje, ndipo uende kwenye ya pili. Na pale ambapo karatasi haiwezi kulinda chakula, iache: chakula kilichoharibika ni hasara kwako na kwa mazingira pia.