SOMO LETU: NANI AMEMLIPA MSEMAJI?

Kesi haisemwi mahakamani tu. Husemwa pia redioni, gazetini na kwenye mikutano ya kijiji. Wapo wanaosema wanayoyaamini. Wapo pia waliolipwa na upande mmoja wa kesi. Sisi wasikilizaji tutawatambuaje?

Tutazame kampuni za sigara. Mwaka 1954 kampuni kubwa za Marekani zilianzisha baraza la utafiti. Jina lilikuwa la kitaalamu, lakini fedha zilitoka kwa kampuni hizo. Madaktari waliposema sigara inaleta kansa, kampuni zilijibu kuwa jambo hilo halijathibitishwa. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilizishtaki. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler aliamua kuwa ziliwadanganya watu kwa miaka mingi.

Mkulima naye alitumiwa. Mwaka 1984 kilianzishwa chama cha kimataifa cha wakulima wa tumbaku. Baadaye kesi za Marekani zilifichua barua za kampuni zenyewe. Kumbe kampuni ndizo zilizokuwa zikikigharamia chama hicho! Shirika la Afya Duniani lilipotaka kupunguza uvutaji, chama kilipinga kwa jina la mkulima. Jina lilikuwa la mkulima, fedha zilikuwa za kampuni.

Mwaka 2012, huko huko Marekani, Oracle na Google, kampuni za mambo ya kompyuta, zilikuwa na kesi. Jaji William Alsup aliziamuru zote mbili zitaje waandishi na watoa maoni waliolipwa nazo.

Je, kulipwa ni kosa? Hapana. Wakili hulipwa, na sote tunajua anamtetea nani. Ubaya ni kuficha. Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Manda. Wilaya yetu ya Ludewa ina chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Penye mali nyingi hapakosi ubishi wa ardhi na fidia. Akija mgeni kutusemea, tumkaribishe, tumpe kiti, kisha tumwulize:

1. Nani amekutuma, na nauli amelipa nani?
2. Fedha za chama chako zinatoka wapi?
3. Ushahidi wako uko wapi, tuusome wenyewe?

Msema kweli hataudhika. Na sisi sasa tunajua kusoma: tusitie sahihi wala dole gumba kabla ya kupata majibu.

ZOEZI: Someni somo hili kwa sauti katika kikundi chenu. Halafu jadilianeni: swali gani mngeongeza?