Injini Inalia, Gari Haliendi: Maswali ya Kumuuliza Fundi wa Giaboksi

Tazama maegesho ya chuo chochote Dar siku hizi: IST, Vitz, Passo. Nyingine ni za wazazi, nyingine ni za wenzetu wanaobeba abiria jioni ili ada ipatikane. Karibu zote ni mitumba ya Japani, karibu zote otomatiki, na wengi wetu tunachojua ni kuweka D na kukanyaga. Ndiyo maana fundi akisema "giaboksi imekufa", tunabaki kukodoa macho. Swali la kumuuliza hatuna.

Tuanze na jambo moja. Kwenye gari la manuali, wewe ndiye unayekata nguvu ya injini kwa klachi. Kwenye otomatiki ya kawaida, kazi hiyo inafanywa na oili. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwa presha, presha inabana visahani vya klachi vilivyo ndani, gia inashika. Oili hiyohiyo inalainisha na kupoza. Kwa hiyo ikipungua, ikichoka au ikiwekwa ya aina nyingine, matatizo mengi huanzia hapo.

Dalili kubwa ni kuteleza. Unakanyaga, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, lakini spidi iko palepale. Wanaopanda Mlimani wakitokea Ubungo wataiona mapema, maana mwinuko hauna siri. Hapa tofautisha: kama injini yenyewe inashindwa kupanda mizunguko, angalia plagi, filta au pampu ya petroli kwanza, usiisingizie giaboksi. Dalili nyingine ni kuchelewa: unaweka R, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashtuka. Kuhusu kugonga unapotoa P kwenda D, kuwa mwangalifu. Raba zinazoshika injini zikichoka nazo hugonga hivyohivyo, na bei yake haikaribiani kabisa na ya giaboksi.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, anayelipa ada kwa kubeba abiria, gari lake lilianza kuchelewa kushika R. Gereji ya kwanza ikamwambia atafute giaboksi nyingine. Bumu lilikuwa limeingia wiki ileile, na alikuwa tayari kulitoa lote. Fundi wa pili alilala chini ya gari kabla ya kusema neno. Sili ya ekseli ilikuwa inavuja, na oili haikufika hata alama ya chini kwenye dipstiki. Sili ikabadilishwa, oili ikaongezwa, jioni akawa barabarani.

Si kila gari lina bahati hiyo. Oili nzima ya Toyota ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa imegeuka nyeusi na inanuka kuungua, visahani navyo huenda vimeungua, na oili mpya haiwezi kurudisha kilicholika. Kuipima kwenye IST ya zamani ni rahisi: endesha mpaka gari lipate moto, simama mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi P, kisha vuta dipstiki injini ikiwa inaunguruma. Soma alama ya moto. Honda nyingi hupimwa baada ya kuzima injini, na magari mengi mapya hayana dipstiki kabisa, hivyo soma kitabu cha gari lako.

Kosa linaloua giaboksi nzima ni la oili. Vitz nyingi na IST za toleo la pili zina CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mkanda huo unahitaji oili ya CVT. Ukiwekewa ile nyekundu ya kawaida, unateleza na kukwangua puli. "Haidroliki ni haidroliki tu" ni kauli ya kukuondoa gereji hiyo mbio.

Angalia na dashibodi. Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa ya O/D OFF ikiwaka na kuzima yenyewe mfululizo, kompyuta imeona hitilafu. Mwambie fundi apime kwa mashine na akuonyeshe namba. P0700 inasema tu kwamba giaboksi ina tatizo. Namba zinazoifuata ndizo zinazosema wapi. Wakati mwingine ni solenoidi au sensa, vitu vinavyobadilishwa bila kushusha giaboksi.

Wa manuali nao wana mtihani wao. Gia moja tu ikikwaruza unapoingiza, tatizo kwa kawaida liko ndani, kwenye ringi ya gia hiyo. Zikikwaruza zote, klachi haiachii vizuri, na giaboksi yenyewe inaweza kuwa nzima.

Mwisho, kuhusu kuvutwa. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu haizunguki mpaka injini izunguke. Kwa sababu hiyohiyo, IST, Vitz au Passo inayovutwa na magurudumu ya mbele yakiwa chini inazungusha giaboksi kavu. Wenye breki dauni wakija, wanyanyue mbele, au gari lipandishwe lote.