Kufundisha Mzunguko wa Umeme kwa Taa za Dashibodi ya Gari Kuukuu

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hana budi kukutana na somo la mzunguko wa umeme. Mara nyingi somo hili hufundishwa kwa mchoro ubaoni: betri, swichi, balbu na nyaya mbili. Wanafunzi huunakili mchoro, huyakariri maelezo na kufaulu jaribio. Lakini wakiletewa taa isiyowaka, hawajui waanzie wapi. Makala haya yanaeleza namna ya kulifundisha somo hilo kwa mfano wa gari kuukuu ambalo taa za dashibodi yake zimezimika.

Swali Lililonishinda

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, niliwaeleza wanafunzi kwamba umeme haupiti mpaka uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kijana mmoja, ambaye baba yake mdogo alikuwa utingo wa Land Rover, akauliza: "Mwalimu, balbu za gari la baba mdogo zina waya mmoja tu. Waya wa kurudi uko wapi?" Sikujua. Badala ya kukiri, nilimjibu kwamba hayo atayasoma sekondari. Darasa likacheka, na kijana yule hakunyoosha mkono tena kwa majuma mengi.

Baadaye nilimshikia tochi fundi aliyekuwa akitengeneza gari lile lile. Fundi alikwangua rangi mahali padogo kwenye bodi, akaunganisha kipande cha waya kutoka hapo hadi kwenye kishikio cha balbu. Taa ikawaka. Waya wa kurudi ulikuwa bodi yenyewe ya gari! Kutu na uchafu ndivyo vilivyokuwa vimeifunga njia hiyo.

Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kufundisha

Ncha moja ya betri ya gari huunganishwa na bodi na chesisi. Katika magari mengi ncha hiyo ni hasi, ingawa baadhi ya magari ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganishwa kwa ncha chanya. Kutoka ncha ya pili, umeme hupita katika fyuzi na swichi hadi kwenye balbu, kisha hurejea betrini kwa njia ya bodi.

Taa za dashibodi hupangwa sambamba, wala si kwa mfuatano. Kwa hiyo balbu moja ikiungua, nyingine huendelea kuwaka. Jambo hili dogo ndilo ufunguo wa kazi nzima. Taa moja ikizimika peke yake, shuku balbu au kishikio chake. Zikizimika zote kwa pamoja, shuku kitu kinachozihudumia zote: fyuzi, swichi, au waya wao wa pamoja. Zikiwaka kwa unyonge, shuku mahali palipolegea au penye kutu, hasa pale waya unapofungwa kwenye bodi.

Hatua za Kutafuta Hitilafu

Kifaa kinachohitajiwa ni taa ya kupimia, yaani balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili.

1. Ijaribu kwanza taa ya kupimia kwenye betri, ili uhakikishe kwamba yenyewe ni nzima.
2. Funga waya wake mmoja kwenye sehemu safi ya bodi. Washa taa za gari.
3. Gusa upande mmoja wa fyuzi, kisha wa pili. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika.
4. Gusa mahali waya unapoingia kwenye swichi, kisha unapotoka.
5. Gusa mwisho wa waya unaofika kwenye balbu. Ikiwaka hapo, umeme umefika. Kosa limo katika balbu au katika njia ya kurudi.

Mwalimu aone kwamba kila hatua huigawa njia katika sehemu mbili: sehemu iliyothibitika kuwa nzima na sehemu inayoshukiwa. Huko ndiko kufikiri kisayansi.

Zana za Darasani

Haifai kuwaachia wanafunzi arobaini gari la mtu. Tengeneza dashibodi ya ubao. Pigilia kipande cha bati juu ya ubao. Hicho ndicho bodi. Weka betri mbili za tochi za volti 1.5 kila moja, balbu tatu za tochi zilizopangwa sambamba, na swichi ya kipande cha bati. Kabla ya kipindi, tia hitilafu kwa siri: legeza balbu, kata waya ndani ya ganda lake, au paka rangi chini ya msumari. Kila kundi litaje linachokishuku, na sababu yake, kabla ya kugusa chochote.

Hesabu nazo zitumike. Balbu nne za dashibodi za wati 2.2 kila moja hutumia wati 8.8. Gawanya kwa volti 12, utapata takriban ampea 0.73. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja huhitaji ampea 10. Wanafunzi wataona wenyewe kwa nini waya wa taa ndogo huwa mwembamba. Wataona pia hatari ya dereva anayeweka karatasi ya sigara inayong'aa mahali pa fyuzi iliyokatika: ikitokea shoti, fyuzi hiyo ya uongo haitakatika, bali waya utaungua, na gari laweza kuteketea.

Tahadhari

Volti 12 hazirushi mtu, lakini betri ya gari ikipigwa shoti kwa spana hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuunguza mkono. Betri ina asidi, na hutoa gesi inayolipuka. Kabla ya kubadili waya wowote, mwalimu mwenyewe afungue kwanza ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Zaidi ya yote, wanafunzi waambiwe waziwazi, tena mara nyingi, kwamba umeme wa nyumbani wa volti 230 huua, na haupimwi kwa njia hizi.

Hitimisho

Nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi kwamba siku ile sikulijua jibu, na kwamba swali la mwenzao lilikuwa bora kuliko somo langu. Kisha nikamwita kijana yule aje mbele aoneshe njia ya kurudi. Alisita kidogo, akaja. Mwalimu asiyejua aseme "tutatafuta pamoja". Neno hilo halimpunguzii heshima. Lakini kicheko cha darasa chaweza kumnyamazisha mtoto kwa muda mrefu.

Maswali ya Majadiliano

1. Taa ndogo za nje zinawaka, za dashibodi hazitoi mwanga hata moja. Ni sehemu zipi za njia ambazo huna haja ya kuzipima?
2. Andaa hitilafu tatu za dashibodi ya ubao, kuanzia nyepesi hadi ngumu.
3. Mwanafunzi amekuuliza swali usilolijua. Eleza utakavyolitumia katika kipindi kinachofuata.